Kupandisha Mstari

Leokadia amenifunga vidole viwili,
cha shahada na cha kati,
kama mtu anayenipima pete.
Nje, barabara ya Upanga, mtu anakamua miwa.
Ndani, feni inagonga mara moja kila mzunguko.
"Usinitazame mimi," anasema. "Tazama mstari."

Mstari ni wa kijani, mwembamba,
unatambaa kwenye skrini kama siafu aliyepotezana na wenzake.
Ni jasho lako, anasema,
lile ambalo hata mama hajawahi kulifuta,
dogo kuliko tone,
lenye habari za mwili kabla mwili haujazipata.

Kazi yangu ni kuupandisha.

Nikacheka. Miaka kumi na tisa naambiwa tulia.
Tulia, Shomari, usikimbie.
Tulia, shuka ngazini, kaa mbali na jiko.
Tulia, alisema fundi Kasanda
siku aliponinyang'anya bisibisi
na friji la mteja liko wazi tumbo, gesi inavuja.
"Si kwamba nakuogopa," alisema,
hatua tatu nyuma.

Leo naambiwa amka.
Si macho. Ngozi.

Wiki ya kwanza mstari ulinidharau.
Niliwaza simba, ukalala.
Niliwaza pesa, ukalala.
Niliwaza deni la Kasanda, ukashuka kabisa.
Leokadia akaandika kitu, hakunionyesha.

Wiki ya tatu nikakumbuka bao la dakika za nyongeza,
kibanda cha televisheni, Buguruni,
watu nisiowajua na wanaonijua
wakinirukia, wakinikumbatia,
kabla hawajakumbuka mimi ni yule.
Mstari ukapanda.
Ukapanda, ukagusa ukingo wa kioo.
"Ulikuwa wapi?" akauliza.
Nikashindwa kumwambia.

Vidonge viko palepale, asubuhi na usiku.
"Hii haiji kuvifukuza," Leokadia alisema,
"inakuja kukaa navyo mkeka mmoja."

Nyumbani Zamoyoni akanisikiliza hadi mwisho.
"Waya mbili ndizo zitamtoa shetani?"
"Hakuna shetani, dada."
"Ndiyo maana nauliza."
Yeye ndiye aliyenitia kijiko kati ya meno mwaka ule,
kwa mapenzi, kwa nguvu zote.
Jino lilienda na kijiko. Pengo ninalo.
Siku hizi amefundishwa: ubavu, kitu laini kichwani,
tazama saa, usitie chochote mdomoni.
Kijiko bado anakionea aibu; amekitoa kwenye seti.

Kipindi cha tisa umeme ukakatika.
Feni ikafa, skrini ikafa,
miwa peke yake ikaendelea kulia, ile ya mkono.
Nikangoja anifungue.
"Endelea," akasema gizani.
Naendelea vipi? Sioni.
"Ulipokuwa unaona, nani alikuwa anaupandisha?"

Nina daftari.
Februari: saba. Machi: nne.
Aprili: sita, na moja kati ya hizo ni sokoni Ilala,
juu ya nyanya za mama wa watu.
Niliziandika zote. Sikumpunguzia Aprili hata moja.

Leo jioni, foleni ya maji, ndoo yangu ya tatu kutoka bomba,
ikaja ile harufu:
nguo iliyosahauliwa chini ya pasi,
na hakuna pasi, hakuna nguo.
Mbali, kutoka upande wa kushoto, sauti za watu zikaanza kupungua.
Sikukaa chini. Sikusema tulia.
Nikatafuta kibanda kile, bao lile,
mikono ile mizito mabegani,
nikaitafutia ngozi sababu ya kuwa macho.

Zamoyoni aliona.
Hakupiga yowe, hakuita jina langu.
Alisogeza ndoo, akapiga teke jiwe lililokuwa karibu,
akavua khanga ya juu, akaikunja, akaishika,
akatazama saa.

Foleni ikasonga. Mtu akalalamika nyuma.

"Umepanda?" akauliza, muda mrefu baadaye.

"Kidogo."

Akaikunjua khanga, akajifunga,
akanipa ndoo nibebe mwenyewe.