Kinachobaki

Bomba letu la Luchindu hukohoa kabla halijatema.
Nakijua kikohozi chake kama ninavyokijua cha Shaweji:
kile kikavu, cha majira ya salfa, mikorosho ikipulizwa,
na kile kizito, cha kulala macho.
Leo limekohoa saa nane za usiku.
Siku ya kumi na moja.

Nimeamka. Nani mwingine?
Baba Shaweji yuko Mtwara mjini, analinda ghala la korosho za watu;
Jumapili sauti yake huja na mwangwi: Mnaendeleaje?
Tunaendelea.
Neno hilo moja nimelibebesha mizigo
ambayo punda angelala chini.

Ukurasa wa mwisho wa andalio langu la masomo
nimeandika kwa penseli:
kupikia, ndoo moja;
sare za shule, moja na nusu
(Rukia hujifutia mabibo kifuani, doa lisilosikia sabuni);
bibi, udhu wa nyakati tano, nusu;
kopo moja la mpapai ambao Shaweji kaupa jina
na sasa sina ubavu wa kuuacha ufe.
Mimi: kinachobaki.
Nafundisha hisabati darasa la tano.
Mtoto akiniletea jibu kama hilo, nampa kosa.

Jana nilipiga kelele.
Madaftari sabini na mawili mezani,
mwenye duka katuma mtu mara ya pili,
uji unafuka jikoni,
na Rukia kauliza tu, mama, kifutio changu kiko wapi.
Kifutio!
Nilimjibu kwa sauti iliyoruka ua
mpaka jirani akapunguza redio.
Kisha nikamsikia akikitafuta chini ya kitanda,
kimya, muda mrefu
kuliko unaostahili kitu kidogo vile.

Wananiambia mvumilivu hula mbivu.
Naomba kuuliza: nani anaziosha?

Maji yametoka mekundu, kisha ya maziwa, kisha maji.
Pipa. Ndoo sita. Madumu manne.
Sufuria ya shughuli tuliyoazima tangu Mfungo Sita.
Birika. Vikombe.
Saa tisa na nusu hakuna chombo kitupu nyumbani kwangu
na bomba bado linamwaga.
Tatizo hili sijawahi kulipata.

Iko ndoo ya saba, mpini wake kamba,
tunaiwekea mkaa.
Nikaisuuza. Nikaijaza. Nikasimama nayo
kama mtu aliyeokota pesa njiani.

Newala usiku ina baridi, ukungu unapanda kutoka bondeni.
Nikaingia bafuni nikajimwagia
kopo, kisha kopo, bila kuhesabu.
Hakuna aliyebisha hodi.
Hakuna aliyeita mama.
Nikakuta kovu gotini, la kuanguka mkoroshoni nikiwa na miaka tisa.
Lilikuwapo siku zote. Sikuwa nimeinama kulitazama.

Kutoka, namwona bibi Sinahamu mlangoni,
mama wa mume wangu, ameshika kanga kavu.
Nikaanza kujieleza: maji yalizidi, vyombo vimejaa,
asubuhi nita...
Akanitupia kanga begani.
"Sisi tulishuka bondeni na mitungi," akasema,
"tunaondoka nyota zikiwaka, tunarudi jua liko utosini.
Kule chini, kabla ya kupanda,
nusu mtungi nilikuwa namwagia mwili wangu.
Mama mkwe alikufa anaamini mtungi ule unavuja."
Akarudi kulala. Hakucheka.
Mimi ndiye niliyecheka, peke yangu, meno yakigongana.

Kulipokucha nikafungua ukurasa ule
nifute neno moja.
Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni la kazini:
chaki, risiti ya dukani,
na kifutio cha Rukia.

Nimekaa nacho mkononi.
Chai inachemka. Shaweji anakohoa, kile kikavu.
Sijui nianze kufuta
au nianze kumwamsha mtoto nimwombe radhi.