Sukari Wawili

Niliamka usiku,
mto una doa huku
kama kishungi cha kuku:
damu yatoka kinywani.

Mke wangu, Mwanashee,
akanena: Usilee
maradhi hata yamee,
yaingie mfupani.

Nikamwambia: Si neno,
damu kidogo ya meno,
nitasukutua mno
kwa maji na chumvi ndani.

Ikawa miezi sita,
kinywa uvundo chaleta,
mke mkeka avuta,
akalala msanani.

Nina punda wa mizigo,
Sukari, si wa mapigo;
akaugua la gego,
majani hayatafuni.

Twabeba mawe, chokaa,
Amu nzima twazagaa,
hata jua likipaa,
Mkomani na Langoni.

Tabibu wa punda hapa
akamchonga kwa tupa,
nami papo nikalipa,
sikuuliza kwa nini.

Kisha akanitazama,
karudi kinyumanyuma,
asema: Punda mzima.
Wewe je, u hali gani?

Nikashikwa na fedheha,
sikuona tena raha.
Kweli kinywa si mzaha:
nikasimama foleni.

Tabibu, Bi Mwanatumu,
hana maneno magumu,
akaipangusa damu
kwa pamba, taa kichwani.

Akaingiza kijiti
chembamba, chuma si mti,
akapima kama futi
mifuko iliyo ndani.

Akasema: Tatu, nne,
sita, saba… tena nane!
Nikatamani nikane:
Kinywa si changu, jamani!

Kisha swali la hatari:
Famau, una sukari?
Nikajibu kwa fahari:
Nimemfunga mtini.

Alicheka hata taa
ikayumba, ikapaa,
kisha tena akakaa,
kanidunga kidoleni.

Namba ikatoka kali:
nina Sukari wawili,
mmoja ana akili,
wa pili yumo damuni.

Akafundisha: Sikiza,
utando ukiulaza
hugeuka, hujikaza
kama tumbawe jinoni.

Fizi huona adui,
huwaka, hazitulii,
mfupa, nawe hujui,
huliwa ndani kwa ndani.

Na sukari ikipanda
donda huzaa kidonda;
fizi nazo zikivunda
hiyo hairudi chini.

Akakwangua upole
upande huu na ule,
chini ya ufizi, kule,
nina ganzi mashavuni.

Nikasikia kwaruzo,
nikaingiwa na wazo:
punda hakufanya zozo,
nilalamikie nini?

Akanipa taratibu:
si kusugua kwa tabu,
mara mbili, bila gubu,
uzi upite menoni.

Tambuu nayo niwate,
sigara zote nifute,
halua nisikamate.
Halua! Ewe Manani!

Sasa miezi minane,
kijiti chasoma: nne.
Jino moja, nisikane,
limelala kabatini.

Kilicholiwa kwa njaa
si maji kupwa, kujaa,
lakini yaliyosaa
yamesimama foleni.

Mwanashee karejea,
mkeka kauachia,
pumzi kazisikia,
akachekea gizani.

Nje, Sukari atafuna,
sauti ya meno, bwana;
ulimi wangu waona
pengo, na jino pembeni.