Daftari la Safari ya Salala

Toka mlangoni petu Nizwa hadi Salala
kilomita mia nane na sabini.
Kwenda na kurudi, zidisha kwa mbili.
Naandika kwa penseli, nyuma ya daftari la hesabu la Muadhi,
maana wino huitia namba kiburi.

Gari letu hunywa lita kumi na nne kila kilomita mia.
Si kunywa huko, ni kufakamia.
Lita mia mbili arobaini na tatu na ushei,
kila lita baisa mia mbili ishirini na tisa:
riali hamsini na tano, na chenji ya kuokotwa chini ya kiti.
Thuwaini akaguna.
Meno ya mtoto yalikuwa yameshautafuna mshahara.

Basi tukapunguza.
Chuma cha juu ya paa,
kinachobeba hewa tupu tangu Idi ya mwaka juzi, kishuke.
Alikishusha kama mtu anayevuliwa kofia hadharani.
Tairi nikazipima mwenyewe alfajiri, zingali baridi;
la nyuma kushoto limelegea kama ahadi.
Kwenye buti nikatoa jeki ya pili, gunia la mkaa,
na mfuko wa saruji ulioganda
ambao Thuwaini aliapa alikuwa akiutafuta.
Mwendo: mia moja, usizidi.
Malori yatupite.
Mwenye haraka na ailipie.

Ikabaki Bi Shinuna, mama mkwe wangu,
na kinu chake, na mbuzi yake, na nazi kumi na mbili.
"Mama, Salala nazi zinauzwa kando ya barabara."
"Zinauzwa. Nani kakwambia zina tui?"
Nikamweleza, kwa adabu, kwamba kila kilo ina bei yake.
Akanitazama utosini hadi kisiginoni:
"Basi anza kushuka wewe."

Nikaandika: kinu, kilo tisa, bila mjadala.

Tuliondoka saa tisa za usiku,
kabla jua halijaamka kudai kiyoyozi.
Adamu tuliipita imelala.
Mpaka Haima hesabu ilinitii, tarakimu kwa tarakimu,
nikaanza kujiona.

Kisha kusi likatukabili.
Upepo mzima wa jangwa, kifuani mwa gari,
mchanga ukitambaa barabarani kama moshi uliokosa moto,
na sindano ya mafuta ikilala mbele ya macho yangu.
Nikalifungua daftari.
Mstari wa upepo sikuwa nimeuchora.

Thuwaini hakusema kitu.
Alipunguza hadi tisini, akanigusa goti.

Baada ya Thumreti mlima ukafunguka, ukungu ukatumeza.
"Zima gari," akasema Bi Shinuna.
Akateremsha kioo, akatoa mkono nje,
manyunyu yakamkaa kwenye pete.
Saa nzima hatukuchoma hata tone,
wala hakuna aliyeuliza tunangoja nini.

Kurudi, kusi lile lile lilitushika mgongoni,
likalipa deni lake; si lote.
Nilikuwa nikijumlisha kwa furaha
nilipohisi gari limekaa chini upande wa nyuma.

Nazi thelathini, za kando ya barabara.

"Nimezionja," akasema. "Zina tui."

Nikatafuta kifutio.