Saa Nane Mchana, Ghala

Visa ni yangu. Imeandikwa: muuguzi.
Ya mume wangu imeandikwa: mume.
Miaka kumi na sita ya kubatiza, kuzika,
kupatanisha wanandoa wa Masoko na Kiwira,
na afisa wa uwanja wa ndege kaimaliza kwa muhuri mmoja.
Anyosisye alicheka.
Nilimwona tu alivyoikunja ile karatasi, mara mbili, mara nne,
mpaka ikaenea katikati ya Zaburi.

Huku huchagui kilima ukasema, hapa tutajenga.
Ibada ina ua wake, ua una geti,
geti lina ratiba.
Wamalayali asubuhi. Wafilipino jioni, na magitaa yao.
Usiku Wahabeshi, wamejitanda shuka nyeupe.
Iliyobaki ni saa nane mchana, Ijumaa,
saa ambayo hata paka wa Maskati wamelala chini ya magari.
"Tunaichukua," akasema,
kama mtu aliyepewa ekari kumi za chai.

Lusajo, miaka sita, akataka kujua
kama Mungu naye amehamisha siku yake ya kupumzika,
au ndiyo tunakwenda kumwamsha.

Viti thelathini. Nilivipanga mwenyewe,
nikaondoa kumi, nikaondoa tena vitano,
ili utupu usitucheke.
Wakaja watu wanne.
Nyamhanga, fundi viyoyozi kutoka Musoma,
alisinzia tangu somo la kwanza; alfajiri yote alikuwa juu ya mapaa.
Dada wawili wa saluni ya Al Khuwair, mikono bado inanuka dawa ya nywele.
Na Kadzo wa Kaloleni, mtoto wa bosi mkononi,
dereva nje, gari halijazimwa:
"Nina dakika arobaini, mchungaji. Anza na baraka."

Akaanza na baraka.
Sikuwahi kuisikia ikitangulia toba.
Ilikaa vizuri.

Nyumbani tunaimba kwa kunong'ona.
Ukutani upande wa pili yuko Bi Zuwena,
kazaliwa Wete, kaletwa huku msichana,
Kiswahili chake maji matupu; changu kina kokoto za milimani.
Usiku mmoja hodi. Moyo ukanishuka miguuni.
"Nakusikieni," alisema. "Mwaimba kama wezi. Kafa nani?"
"Hakuna aliyekufa, bibi."
"Basi shikeni halua."
Akaondoka. Sahani yake sijairudisha mpaka leo,
kwa sababu kwetu sahani hairudi tupu
na bado sijajua cha kuweka.

Tukuyu mvua haiombwi. Tunaivumilia, kama mkwe.
Lakini Tumpe wangu aliiomba huku kila usiku, kwa siri,
si kwa ajili ya nchi. Kwa ajili ya harufu.
Ikaja mwezi wa nne.
Mabonde makavu yakakumbuka kuwa ni mito,
barabara zikapitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa,
magodoro, mlango wa friji, mbuzi mmoja hai.
Ijumaa ile geti la Ghala halikufunguliwa.
Tumpe akajifungia chooni, akalia:
nimelizamisha kanisa la baba.

Anyosisye alikuwa tayari kavaa kola.
Akakaa nayo, mezani, mbele ya uji uliopoa.
Hapo ndipo simu ikalia. Kadzo.
"Mchungaji, leo wamenipa siku nzima.
Siku nzima! Ya kwanza tangu nije.
Na sina njia."

Akaiweka simu kati ya vikombe, akafungua kitabu,
karatasi ya visa ikaanguka sakafuni,
hakuna aliyeiokota.
"Dakika arobaini?" akauliza, kwa mazoea.
"Leo usihesabu," akasema Kadzo,
na kabla ya neno la kwanza
tukamsikia, huko aliko, anavuta kiti.