Je, Umeanguka?

Punda wa Bwana Famau alinibana ukutani, Langoni,
matumbawe mgongoni, haraka nyingi, adabu hana,
na kabla sijapata pumzi ya kutukana
kiwiko cha mkono kikatetemeka: Je, umeanguka?

Sikuanguka. Niligusa kioo, nikakana.
Ila ubavuni mwa saa ulibaki mkwaruzo
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
na huo ndio ulionipeleka kwa sonara.

"Ndoo uketi," akasema Lali,
akaipindua, akaigonga kwa ukucha,
akailaza juu ya mizani yake ya dhahabu
mahali palipokuwa pamelala bangili ya marehemu fulani.
Titaniamu, nikamwambia, kwa sauti ya aliyelipia neno hilo.
"Ngumu, kweli. Nyepesi, kweli.
Lakini moto wangu hauiwezi,
na kisichoyeyuka hapa, hapa hakina bei."

Nikaenda kwa Shekue wa simu.
Yeye hakuuliza madini. Aliuliza mwaka.
"Ya juzi?"
"Ya mwaka jana."
"Elfu ishirini na mbili."
Niliinunua tisini na tano.
Hapo, ewe saa, ndipo ungetetemeka.
Hapo ndipo ungeuliza.

Mimi ni karani wa hesabu, nyumba ya wageni, Shela.
Usiku nilifungua daftari, nikapiga mstari katikati.
Nikiiuza kila mwaka, nichukue mpya:
elfu sabini na tatu zimekwenda na maji,
shilingi mia mbili kwa siku,
yaani chai, mahamri, na mbaazi za nazi juu yake,
na Ramadhani nalipa vilevile, na sili.
Nikikaa nayo miwili, Shekue atanipa tisa, akijisikia:
mia na kumi na nane kwa siku.
Nikikaa nayo mitano, nisimuuzie mtu,
niivae hadi ijifie yenyewe:
hamsini na mbili.
Andazi, na liwe la jana.

Shemeji Twalib hubadilisha kila Maulidi,
kama vile saa ni kanzu.
"Ukichelewa kuuza," huniambia, "huuzi tena."
Maneno yake kweli tupu. Ndiyo maana siuzi.

Maimuna alinisikiliza nikijumlisha kwa sauti,
akainua mkono wa kulia, mtupu.
Bangili zake mbili alizivaa miaka kumi na saba.
Alipoziuza, mtoto aende chuo,
Lali alimlipa zaidi ya zilivyonunuliwa.
Na hazikuwahi kumhesabia hatua hata moja,
wala kumwambia ainuke, amekaa sana.
Sikumjibu. Niliinuka, kwa kweli,
maana saa ilikuwa imeniambia hivyo hivyo.

Na hiyo yenyewe, mwaka mzima Amu,
haijajifunza Kiswahili:
saa saba ya mchana huiita moja.
Kila siku naitafsiria, naondoa sita, naongeza sita,
mimi na mashine ya tisini na tano elfu,
halafu namsikia muadhini
na wote wawili tunanyamaza.

Kwa hivyo sikuweka mwaka. Nimeweka sharti.
Siku itakayotoka nami kwa adhana ya alfajiri
ikanizimikia mkononi kabla ya isha,
siku hiyo tutazungumza habari ya nyingine.
Leo imefika magharibi na arubaini na moja kwa mia.
Mwaka jana, saa hizi, ilikuwa na sitini.
Nimeandika zote mbili, kwa wino.

Jioni nimekutana tena na punda yule, kichochoroni.
Nimempa njia yote,
tumbo ndani, kisigino ukutani,
mkono wa kushoto nyuma ya mgongo
kama mtu anayeficha kitu cha thamani.
Mazoea tu.