Kigae cha Emrys Parri

Paa hili lilikuwa tope.
Si jiwe, si hata udongo wa kushikika:
vumbi la maji tu, likishuka gizani
katika bahari ambayo hakuna aliyeipa jina,
unene wa ukucha kwa miaka mingi.
Juu yake majivu ya volkano
zilizotapika, zikapoa, zikasahaulika;
juu ya majivu, tope tena.

Kisha nchi mbili zikasukumana
kama mafahali wasiojua kurudi nyuma,
na tope lililokuwa limelala chali
likakunjwa, likaokwa, likakazwa
hadi kila chembe ikageuza ubavu.
Ndiyo siri ya mwamba huu wa Wales:
haukumbuki ulivyotandikwa,
unakumbuka ulivyominywa.

Emrys aliisoma siri hiyo kwa kidole gumba.
Bonge la jiwe pajani, patasi bapa,
pigo moja la upole.
"Usilipasue," alimwambia bintiye Heledd,
"liulize linataka kufunguka wapi."
Siku moja likafunguka na mdudu ndani,
mdudu wa bahari mwenye pingili,
amevutwa upande kama aliyelala vibaya.
Emrys akacheka hadi akakohoa:
"Na huyu naye mgongo unamuuma!"

Miaka arobaini na mmoja machimboni.
Daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga.
Heledd, aliyesomea miamba chuoni,
hakuhitaji kuelezwa:
vumbi lilikuwa limeshuka,
tabaka juu ya tabaka,
unene wa ukucha.
Baba yake alikuwa amegeuka bahari.

Leo nyumba inavuja.
Heledd yuko juu ya ngazi, anashusha kigae kilichochoka,
zambarau chenye doa la kijani;
kingo zinamong'onyoka vidoleni.
Mvua ya huku hainyeshi, inakaa.
Inachukua chembe, inaikabidhi mfereji,
mfereji unaikabidhi mto,
mto hauulizi risiti.
Na huko chini, gizani,
kuna kitanda kinatandikwa.

Anakigeuza kigae, anakipangusa kwa mkono wa sweta.
Mgongoni, kwa ncha ya msumari:
*E.P. Jumanne. Baridi kali.*

Kipya anakipigilia.
Hiki cha zamani hakitupi, hakiingizi ndani.
Anakilaza chini ya mdomo wa mfereji,
maandishi juu,
ili mvua ipate pa kuanzia.