Mabano

Miaka ishirini na sita niliandika vinywa vya watu
kule Dodoma, nyuma ya kioo, visikizio masikioni.
Mbunge akishangiliwa, niliandika (Makofi).
Akichekesha, (Kicheko).
Vikija pamoja tulitia mkwaju katikati: (Makofi/Kicheko).
Aliyenyamaziwa hakuwa na mabano.

Leo nimekaa mkekani, Barabara ya Kumi na Nne,
kwenye matanga ya Twaha Semboja.
Kipaza sauti kinatuletea hotuba
kutoka upande wa pili wa turubai, upande wa wanaume:
marehemu alikuwa mtetezi wa wanyonge.
Kidole changu, kilichostaafu, kinaandika juu ya khanga.

Aliingia bungeni na suti ya kuazima,
baiskeli ameiacha rehani kwa fundi wa Ngamiani.
Baba yake alikata mkonge; jicho la kushoto lilibaki kwenye mwiba.
Siku ya bajeti akafungua mkoba,
akalaza mezani jani la mkonge, bichi, linachuruzika.
"Mheshimiwa Spika, naomba Waziri alishike.
Alishike tu, kisha atutajie tena ule mshahara."
(Makofi/Kicheko)
Akatolewa nje, akafungiwa vikao vitatu.
Huku Tanga, watoto wa wiki ile waliitwa Twaha,
hata wa kike mmoja, kabla bibi yake hajaja juu.

Halafu shamba la Kwamtindi.
Ekari mia tatu na arobaini, wagawiwe waliolitolea jasho,
zikaibuka kwa jina la shemeji yake,
mtu ambaye hajapata kupanda hata mchicha.
Alihama chama Ijumaa, Jumatatu akarejea.
Waja leo waondoka leo, watu walisema,
na yeye alicheka kuliko wote.
Pongwe walimzomea, Chumbageni wakambeba mabegani,
siku moja, kabla ya adhuhuri na baada yake.
Wodi ya wazazi kule Kwamtindi aliijenga yeye, kweli.
Choo chake hakina mlango mpaka leo;
mlango alilipwa mpwa wake.

Sasa hili sijamwambia mtu.
Usiku ule aliposimama kuunga mkono sheria
ya kuwaondoa wakaao mashambani bila hati,
alikuja ofisini kusahihisha kurasa zake.
Wabunge huja. Huhamisha nukta, hutengeneza kauli.
Yeye alisoma akiwa amesimama, akaweka kidole mwisho.
"Mashavu, mtoto wa Makorora, hapa hukusikia kitu?"
Nikarudisha ukanda.
Tukasikiliza.
Kiti kinaburuzwa. Mtu anakohoa. Mwingine anaomba mwongozo wa Spika.
Tukarudia.
Mara ya tatu akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Labda walipiga polepole."

Nikaandika (Makofi).
Sikulipwa.
Wiki ile kikapu cha machungwa ya Muheza kilinifikia,
na niliyala.

Jirani yangu mkekani ni Bi Saumu Mbelwa.
Nyumba yake ilivunjwa Kwamtindi na vyombo vikiwa ndani.
Amepanda mabasi mawili kufika hapa.
"Nimekuja kuhakikisha," ananinong'oneza,
anafunga wali kwenye mfuko kwa ajili ya mjukuu,
anakaza fundo,
kisha analia, tena analia kweli,
kamasi na yote, mpaka wafiwa wanamletea maji.
Sijui niandike nini hapo.
Kazini tungeruka.

Msemaji amemaliza. Kipaza sauti kinapiga yowe, kinazimwa.
Msibani hakuna anayepiga makofi.
Juu ya khanga, pajani, kidole kimekwisha kufungua bano
na hakijaambiwa
(